Sayyid Ahmad bin Sumeit, Nahodha na Mwanachuoni

Ndugu zetu Waislamu wa Niboye, katika vitabu vya ukumbusho kama hiki ada yetu ni kuandika khabari za watu tuliowaona kwa macho yetu, waliojenga misikiti na kusomesha watoto. Safari hii tumeona vyema kumtaja bwana mmoja ambaye kazi yake ilikuwa katika bahari na visiwa, mbali na milima yetu hii. Naye ni Sayyid Ahmad bin Abubakar bin Sumeit, aliyekuwa kadhi mkubwa wa Unguja, akafariki mwaka 1925. Huko pwani jina lake halihitaji kuelezwa. Huku bara wengi hulisikia likipita tu pamoja na majina mengine ya wanavyuoni, bila ya kujua mwenyewe aliishi vipi na alikula jasho la nini.

Sababu ya kumchagua ni hii. Katika Rwanda Uislamu uliingia ukifuatana na biashara. Mji wa Kigali ulianzishwa mwaka 1907 na Richard Kandt, mwakilishi wa serikali ya Wadachi. Wakaja wafanya biashara Waarabu, Wahindi na Waswahili wa pwani na marobota yao ya nguo, na mwaka 1913 Msikiti wa Al-Fatah ukasimama. Tangu siku hizo, katika nchi yetu, kusema Mswahili ilikuwa kama kusema Mwislamu wa mjini, mtu wa mizani na yadi, na wengi wakadhani kuwa mtu wa mizani hawezi kuwa mtu wa kitabu. La kusikitisha zaidi ni kwamba dhana hiyo imeingia mpaka majumbani mwetu. Mzazi akiwa na kijana mwerevu hukaa akajiuliza ampeleke dukani au ampeleke chuoni, kana kwamba milango hiyo miwili haiwezi kuwa ya nyumba moja. Basi na tutazame maisha ya mtu huyu.

Alizaliwa katika mji wa Itsandra, kisiwa cha Ngazija, mwezi wa Rajabu mwaka 1277 wa Hijra, yaani Januari 1861. Baba yake, Sayyid Abubakar bin Abdallah bin Sumeit, alitoka Shibam katika Hadramaut, mji ule wa majumba marefu ya udongo yaliyosongamana kama mti na mti mwenziwe. Walikuwa masharifu wa Ba Alawi, wanaohesabu nasaba yao kwa Imam Ahmad bin Isa al-Muhajir, aliyehama kutoka Basra akaingia Hadramaut katika karne ya nne ya Hijra. Bonde la Hadramaut lina mvua chache na watu wengi, na kwa ajili hiyo wana wa masharifu hao, tangu zamani, wakizaliwa hutazama baharini. Wengine walikwenda Bara Hindi, wengine Java, wengine Lamu, Unguja na Ngazija. Walikokwenda walifanya biashara na walisomesha, wala hawakuona kwamba kazi moja inaitia doa ya pili. Sayyid Abubakar alikuwa mmoja wao: mtu wa vyombo na bidhaa, na mtu wa vitabu. Mwanawe akajifunza kwake herufi na hesabu pamoja.

Baba alifariki mwana angali kijana. Kwa bahati njema Ngazija haikuwa tupu ya walimu. Alikuwako Sayyid Abulhasan bin Ahmad Jamalullail, na kwake kijana akaendelea kusoma. Lakini nyumba isiyo na baba hutaka mwenye kuishika, na kazi aliyoijua ni ile ya baba yake. Akashika unahodha.

Hapa inafaa tusimame kidogo, kwa kuwa sisi wa nchi kavu hatuijui kazi hiyo. Msomaji asidhani kwamba nahodha wa zamani alikuwa mtu wa kushika usukani tu. Katika Bahari ya Hindi nahodha ndiye mwenye kubeba dhamana ya mali ya chombo. Ndiye apangaye shehena, ndiye ajuaye nani amepakia nini na kwa nauli gani, ndiye auzaye bandarini mzigo wa watu wasiosafiri naye, kisha akawarudishia fedha yao au bidhaa nyingine badala yake. Kazi ya nyota na njia za maji, katika vyombo vingi, ilikuwa ya mtu mwingine, ambaye Waarabu humwita mu'allim. Neno lile lile tunalomwita mwenye kusomesha watoto wetu chuoni.

Na biashara ile haikwenda kwa saa wala kwa tarehe za karatasi. Ilikwenda kwa pepo. Kuanzia Desemba mpaka Machi kaskazi huleta majahazi kutoka Arabuni, nayo yamepakia tende, chumvi na papa wakavu. Kuanzia Aprili kusi huyageuza na kuyarudisha, nayo yamejaa boriti, karafuu na vitu vya nazi. Aliyekosa msimu alikosa mwaka. Akaaye akingoja upepo katika mji wa watu ana miezi mitatu au minne ya kufanya apendalo. Wako waliokaa barazani wakacheza bao, na wako waliouliza ni nani anayesomesha katika mji huu na anasoma kitabu gani. Mimi naona kwamba elimu ya pwani yetu imetegemea sana miezi hiyo ya kungoja upepo, kuliko watu wanavyokubali.

Tena biashara yenyewe ilikuwa somo. Mlango wa biashara katika vitabu vya fiqhi, sisi wengi huusoma kwa kukariri, tukapita. Mwenye mali anampa fedha mwenye kusafiri, faida ikagawanywa kwa fungu waliloafikiana, na hasara ya mali ikamrudia mwenye mali ila msafiri akifanya uzembe. Haya tunayaita kiradhi, na kijana wa chuoni huyajibu yote bila ya kupata kushika senti ya mtu. Kwa nahodha haya ni mambo ya kulala nayo na kuamka nayo. Amana ya mjane iko chini ya tanga, mawimbi yanapiga, na anajua kwamba mzigo ukitupwa baharini kuokoa chombo ataulizwa ni wa nani uliotupwa, kwa nini, na nani alipe. Sayyid Ahmad alipokuja kukaa kitini kuwahukumu wafanya biashara, walikuwa hawana neno la kumficha kwa sababu ya ujuzi wa soko.

Wakati aliouingia baharini haukuwa mwepesi. Tufani ya Aprili 1872 ilikuwa imevunja majahazi ya Unguja na kung'oa mikarafuu. Mfereji wa Suez ulikuwa umekwisha funguliwa mwaka 1869, na mwaka ule ule wa 1872 meli za moshi za Kiingereza zikaanza kuja Unguja kwa barua na shehena kutoka Aden. Mwenye tanga akawa anashindana na mwenye moto. Sayyid Ahmad ni wa kizazi kilichoona biashara ya baba zao ikipungua mbele ya macho yao.

Yapata mwaka 1880, akiwa na umri wa miaka kama ishirini, alikwenda Hadramaut, nchi ya baba yake. Kutoka ufukweni mpaka Shibam ni safari ya ngamia ya siku nyingi, kupanda milima mikavu ya mawe kisha kuteremka bondeni. Huko alisoma kwa wakubwa wa zama zile: kwa jamaa yake Sayyid Tahir bin Abdallah bin Sumeit huko Shibam kwao, kwa Habib Ali bin Muhammad al-Habshi wa Seiyun, ambaye maulidi yake, Simtu-d-Durar, yanasomwa mpaka leo, kwa Habib Aidarus bin Umar al-Habshi wa al-Ghurfa, kwa Habib Ahmad bin Hasan al-Attas wa Huraidha, na kwa mufti wa Tarim, Sayyid Abdurahman al-Mashhur, mwenye kitabu cha Bughyatul Mustarshidin. Wakampa ijaza, yaani idhini ya kuyasomesha aliyoyasoma kwao, nao walikuwa wameyasoma kwa walimu wao, na hao kwa walimu wao, mkono kwa mkono. Mfanya biashara anaifahamu upesi maana ya ijaza. Ni kama hati ya mali: haina thamani ila ikijulikana imetoka kwa nani.

Aliporudi pwani jina lake lilikuwa limetangulia. Yapata mwaka 1883, umri wake haujapita sana miaka ishirini na miwili, Sayyid Barghash bin Said alimfanya kadhi katika Unguja.

Kazi hiyo ilikuwa na uzito wake. Wenyeji wengi wa Unguja walikuwa Masuni wa madhehebu ya Shafii, na watawala wao walikuwa Ibadhi, na kila upande una akida yake katika mambo makubwa, kama kumwona Mwenyezi Mungu siku ya Akhera na hali ya mwenye kufanya dhambi kubwa. Kwa hiyo serikali iliweka makadhi wa Kiibadhi na makadhi wa Kisuni bega kwa bega, kila mtu akahukumiwa kwa madhehebu yake. Mpango huo ulikuwa mzuri sana, lakini ulisimama juu ya uvumilivu wa mtawala. Sayyid Barghash alikuwa mtu wa mambo makubwa: alileta maji safi mjini kwa mabomba, akajenga Beit al-Ajaib, akaleta mtambo wa chapa uliopiga vitabu vya Kiibadhi. Pamoja na hayo alikuwa mkali, wala hakupenda mwanachuoni amkabili. Sheikh Ali bin Abdallah al-Mazrui wa Mombasa, mtu mzima na mwanachuoni mkubwa wa Kisuni, alifungwa naye gerezani, na hakutoka mpaka Sayyid Barghash alipokufa.

Basi mambo kati ya kadhi kijana na mfalme mkali hayakuchukua muda kuharibika. Hawakupatana, na mwaka 1885 Sayyid Ahmad aliondoka Unguja.

Naomba msomaji aupime uamuzi huo kwa mizani ya sawasawa. Kiti cha ukadhi ni cheo, ni mshahara, ni heshima ya kupishwa njiani. Mtu asiye na chakula kingine ila cha serikali, akiambiwa jambo asilolikubali, mara nyingi hutafuta tafsiri itakayompatia yeye salama na bwana wake furaha. Nasi hatuna ruhusa ya kumcheka, kwa kuwa ana watoto. Lakini huyu alikuwa anajua kupakia chombo na kukipakua. Bahari ilikuwa imekwisha kumlisha kabla ya mfalme, na angeweza kuirudia. Wako wanaosema biashara humfunga mtu na dunia. Huenda ikawa kweli kwa wengi. Kwa Sayyid Ahmad mwaka ule naona ilimfungua.

Alikwenda mpaka Istanbul. Huko alikuwako Sayyid Fadhl bin Alawi, sharifu wa Hadramaut aliyezaliwa Malabar katika Bara Hindi, aliyeondolewa huko na Waingereza mwaka 1852, akatawala Dhofari kuanzia 1876 mpaka 1879, kisha akakaa karibu na Sultani Abdulhamid wa Pili akiitwa Fadhl Pasha. Sayyid Ahmad alikaa naye akasoma kwake, na Sultani akamtunukia nishani. Mtoto wa Itsandra, mwenye umri wa miaka ishirini na mitano, amesimama katika mji wa Khalifa! Kutoka huko akapita Misri, akawaona wanavyuoni wa Al-Azhar, akaenda Makka, tena akashika njia ya mashariki, Bara Hindi mpaka Java, ambako masharifu wa Hadramaut walikuwa na maduka na misikiti kama ilivyokuwa kwetu pwani.

Mwaka 1888 Sayyid Barghash alifariki, akatawala nduguye Sayyid Khalifa bin Said. Waliofungwa wakafunguliwa, na Sheikh Ali bin Abdallah akarudi kwao Mombasa. Sayyid Ahmad naye akarudi Unguja, akarudishiwa ukadhi wake, na safari hii hakuuacha tena mpaka kufa.

Tukihesabu tangu Sayyid Barghash, kadhi huyu aliwadiriki watawala wanane katika Unguja, ukiwa utamtia hesabuni Sayyid Khalid, ambaye utawala wake ulivunjwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896 katika muda usiofika saa moja. Aliona himaya ya Waingereza ikiingia mwaka 1890, aliona amri ya kuondoa utumwa mwaka 1897, aliona mahakama za kizungu zikisimama kando ya mahakama za makadhi na kuzipunguzia mambo kidogo kidogo. Katika mageuzi hayo yote mlango wake ulibaki ni ule ule.

Tukija kwenye vitabu vyake, msomaji wa leo huenda akashangaa kuona kwamba karibu vyote ni sharhe, yaani maelezo ya maneno ya watu wengine. Hiyo ndiyo ilikuwa adabu ya wanavyuoni wa zamani. Mtu mwenye la kusema hakusimama peke yake uwanjani. Alikaa ubavuni mwa mkubwa aliyemtangulia, akasema lake kwa kueleza la mwenziwe.

Kitabu chake cha mambo ya imani na ya nyoyo ni Manhal al-Wurrad, kilichopigwa chapa Makka mwaka 1315 wa Hijra, yaani mwaka 1897 au 1898. Ni sharhe ya beti za Habib Abdallah bin Alawi al-Haddad wa Tarim, aliyezaliwa mwaka 1634 na kufariki mwaka 1720, mtu aliyepofuka utotoni kwa ndui na bado akawa mwalimu wa nchi nzima. Ndiye mwenye ile Ratib al-Haddad ambayo wengi hapa wameikariri tangu wadogo. Jina la kitabu maana yake ni mahali pa kunywa maji pa wenye kuja kuteka. Jina hilo si pambo la bure kwa mtu aliyepita njia ya ngamia ya Hadramaut, ambako ajuaye kisima kilipo ndiye anayefika.

Ili kufahamu faida ya kitabu kama hicho, tukumbuke hali ya pwani wakati ule. Beti za al-Haddad zilikuwa zikisomwa kwa sauti nzuri na watu waliozipenda, na wengi wao hawakujua Kiarabu. Mtu aweza kuzisoma miaka arubaini asijue ndani yake mna nini juu ya tauhidi, juu ya subira, juu ya kumtegemea Mwenyezi Mungu. Sharhe hulichukua neno, ikaeleza lugha yake, kisha maana yake, kisha inakotoka katika Aya na Hadithi. Kwa njia hiyo wimbo unakuwa somo. Na hatuna budi kukumbuka kwamba papo hapo Unguja, katika mtaa wa Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa mpaka mwaka 1873, wamishonari wa Kiingereza walikuwa wamejenga kanisa kubwa na kufungua shule. Mwislamu asiyeweza kueleza akida yake alikuwa hana la kujibu akiulizwa.

Njia ya masharifu wa Ba Alawi, ambayo Sayyid Ahmad alilelewa ndani yake, imesimama juu ya vitabu vya Imam al-Ghazali, khasa Ihya Ulumiddin. Wengi wetu tukisikia Ihya twadhani ni kitabu cha kuikimbia dunia. Mwenye kukifungua atakuta katika robo yake ya pili kitabu kizima juu ya adabu za kuchuma na kutafuta maisha: vipi kupima, vipi kutofichana aibu ya bidhaa, vipi kumwonea huruma mwenye deni. Kwa watu hawa kumtegemea Mwenyezi Mungu si kukaa kitako ukangoja riziki. Mwenye chombo hutweka tanga na kufunga kamba vizuri, kisha upepo si wake. Aliyeyasoma hayo akiwa na shehena ya watu mikononi mwake aliyasoma kwa jicho jingine.

Ana kitabu kingine cha sharhe, Tuhfatul Labib, juu ya kasida yenye kina cha lam. Lakini kile ambacho wanafunzi wa fiqhi wanamwombea dua kwacho mpaka leo ni al-Ibtihaj, juu ya istilahi za Minhaj ya Imam an-Nawawi. Kitabu hiki si cha akida, nacho ni kidogo, lakini mimi nakipenda kuliko vyote, na nitasema kwa nini.

Imam an-Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, aliandika Minhaj kwa maneno machache mno, na ndani yake akaweka maneno ya alama. Akisema al-adhhar, yaani lililo dhahiri zaidi, anakujulisha mambo mawili kwa neno moja: kwamba Imam Shafii mwenyewe ana kauli zaidi ya moja katika jambo hilo, na kwamba ile isiyochukuliwa nayo ina nguvu. Akisema al-mashhur, kauli zipo vile vile, lakini ile ya pili ni dhaifu. Akisema al-asahh, basi khitilafu si ya Imam, ni ya wanafunzi wake, na ni khitilafu yenye nguvu. Na akisema as-sahih, ni yao vile vile, lakini upande wa pili ni dhaifu. Akisema al-madhhab, khitilafu iko katika njia za kuyapokea madhehebu yenyewe. Na al-jadid ni aliyoyasema Imam Shafii huko Misri, na al-qadim ni aliyoyasema kabla, huko Iraq. Asiyezijua alama hizi aweza kukisoma kitabu tangu mwanzo mpaka mwisho, akajua hukumu, asijue kwamba ameonyeshwa pia ni nani waliokhitalifu na kwa nguvu gani.

Sasa mtazame mfanya biashara na marobota yake. Juu ya kila robota pana alama iliyotiwa kwa wino: herufi mbili, mstari, duara. Mchukuzi huona robota tu. Nahodha akiiona alama hujua mali ni ya nani, imepakiwa wapi, inashuka bandari gani, na akikosea kuisoma mali ya watu huenda ikashuka pasipo pake. Sayyid Ahmad alikaa akawaandikia wanafunzi ufunguo wa alama za Nawawi. Naona ni kazi ya mtu aliyekuwa amezoea kutomwacha mtu ashike mzigo asioujua.

Msaidizi wake mkubwa alikuwa Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu, rika lake, ambaye kwa unyenyekevu alijiweka kwake katika daraja ya mwanafunzi. Sheikh Abdallah alisomesha katika nyumba yake Unguja, chuo ambacho wanafunzi walikijia kutoka pwani yote na Ngazija, kikabaki baada yake. Mwaka 1914 Sheikh huyo alisafiri mpaka Cape Town kwenda kuwapatanisha Waislamu wa huko waliokuwa wakigombana kwa sababu ya sala ya Ijumaa. Hukumu ya Unguja ilikuwa inatakwa mpaka mwisho wa Afrika.

Katika waliosoma kwa mabwana hao wawili ni Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui wa Mombasa, mtoto wa jamaa ile ile ambayo Sayyid Barghash alimfunga mzee wake. Yeye ndiye aliyetoa gazeti la al-Islah mwaka 1932 na akawa kadhi mkuu wa Kenya mwaka 1937, na ndiye aliyechukua elimu aliyoisoma kwa Kiarabu akaiandika kwa Kiswahili ili mtu wa kawaida aisome. Yuko pia Sheikh Burhan Mkelle, bingwa wa lugha ya Kiarabu. Na yuko mwanawe mwenyewe, Sayyid Umar bin Ahmad, aliyepita njia ya baba yake na babu yake: akasoma Hadramaut, akafanya biashara huko Bukini, kisha akawa kadhi wa Unguja, na aliporudi tena katika nchi ya wazee wake akaandika kitabu cha safari hiyo. Vizazi vitatu, na katika kila kimoja daftari la hesabu na kitabu cha elimu vilikaa katika sanduku moja. Khabari za wote hawa Sheikh Abdallah Saleh Farsy amezikusanya kwa Kiswahili katika kitabu chake juu ya wanavyuoni wa Kishafii wa Mashariki ya Afrika, na kijana mwenye hamu na akitafute.

Mwaka 1925 ulikuwa mwaka mzito kwa Unguja. Sheikh Abdallah Bakathir alitangulia. Haukupita muda mrefu, mwezi wa Mei, katika Mfungo Mosi wa mwaka 1343, Sayyid Ahmad naye akamfuata, akiwa na umri wa miaka sitini na minne, na zaidi ya miaka thelathini na sita mfululizo juu ya kiti kile alichokiacha mara moja tu.

Alizikwa kando ya Msikiti wa Ijumaa wa Malindi, katika mji wa Unguja. Atakayejaaliwa kwenda kumzuru hatapotea njia: kutoka pale si mbali na bandari ya majahazi, mahali ambapo vyombo vya kaskazi vilikuwa vikitia nanga.

Mwenyezi Mungu amrehemu.